Mlima Si Kipimo cha Moyo

Katika vijiji vya Tarafa ya Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya safu ya Uluguru, uzima wa mtu hupimwa kwa mlima. Anayeshuka bondeni asubuhi na kurudi jioni na mzigo wa kabichi au viazi kichwani, bila kutua njiani, huhesabiwa mzima. Anayeanza kuketi kwenye kila jiwe huulizwa kulikoni. Kipimo hiki kina busara yake, na kimewasaidia wengi, kwa kuwa moyo ambao mishipa yake inaziba hujifichua kwanza mlimani. Tatizo ni kwamba kimevuka kizingiti cha zahanati na kukalia kiti cha tabibu. Mazungumzo ya namna hii yanaweza kusikika katika chumba chochote cha kuonea wagonjwa, milimani au mjini:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kifua kinabana ukipanda mlima?"

"La. Mlima napanda vizuri tu. Jana nimetoka shamba na mzigo."

"Basi moyo uko salama, mzee. Hiyo ni gesi tu."

Mzee huyo wa mfano huondoka na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Usiku wa tatu, yapata saa kumi, kifua kinambana tena akiwa amelala. Jasho linamtoka, maumivu yanapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, yanadumu dakika kumi, kisha yanaondoka kama yalivyokuja. Kunapokucha anakwenda shambani kama kawaida. Mkewe anasema ni jinamizi. Wanawe wanasema ni vidonda vya tumbo. Hakuna anayesema ni moyo, kwani mwenye moyo mbovu angepandaje mlima?

Swali la tabibu huyo lina ukoo mrefu. Daktari Mwingereza William Heberden, alipoeleza ugonjwa wa anjina mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1768, alitaja maumivu ya kifua yanayomkamata mtu akitembea, hasa akipanda kilima, na kutulia anaposimama. Vizazi vya waganga vimefundishwa kuuliza swali hilo, na ni swali zuri. Lakini mwaka 1959 Myron Prinzmetal na wenzake, huko Los Angeles, walieleza anjina ya namna nyingine iliyoelekea kufuata njia ya kinyume: humjia mgonjwa akiwa amepumzika, mara nyingi kati ya usiku wa manane na mapambazuko, na mchana humwacha afanye kazi zake. Miaka ya 1970, kamera za kupiga picha mishipa ya moyo zilipoenea, madaktari waliweza kuona kwa macho kile ambacho Prinzmetal alikikisia. Mshipa unaoulisha moyo ulikuwa unajibana ghafla, wakati mwingine hadi damu kukatika kabisa, kisha unajifungua wenyewe.

Mkulima wa Mgeta hahitaji mchoro ili aelewe jambo hili, kwa sababu anamwagilia bustani kwa mpira unaoshusha maji kutoka kwenye chemchemi juu ya kilima. Maji yanaweza kukatika kwa njia mbili. Huenda tope limejaa ndani ya mpira kidogo kidogo kwa miaka, na huenda mtu ameukanyaga. Tope ni mfano wa mafuta yanayoganda katika kuta za mishipa. Uzibaji huo hubaki palepale usiku na mchana, na husumbua moyo unapotaka damu nyingi, yaani mlimani. Mguu unaokanyaga ni mbano wa mishipa. Ukuta wa mshipa una misuli, na misuli hiyo hukaza pale madini ya kalsiamu yanapoingia katika chembe zake. Kwa watu wengine misuli hukaza kupita kiasi, nayo ngozi laini ya ndani ya mshipa, ambayo kazi yake ni kutoa kemikali ya kuilegeza, haitimizi wajibu wake. Mguu ukiondolewa, maji hurudi. Anayekuja saa nne asubuhi kuukagua mpira hakuti tope wala alama ya unyayo. Na si lazima mtu awe na tatizo moja tu: mguu unaweza kukanyaga mpira ambao tayari una tope, na hiyo ndiyo hali ya hatari zaidi.

Hapo ndipo mlima unapodanganya. Watafiti wa Japani, nchi ambayo imeuchunguza ugonjwa huu kwa undani kuliko nyingi, walionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba mgonjwa yuleyule aliyepata maumivu kwa zoezi dogo la alfajiri aliweza kufanya zoezi hilohilo alasiri pasipo kuumwa. Mishipa yake ya alfajiri haikuwa mishipa yake ya alasiri. Kwa hiyo mtu anayepanda kutoka bondeni saa tisa mchana akiwa na gunia hajathibitisha lolote kuhusu moyo wake wa saa kumi usiku.

Swali linalokosekana, basi, ni fupi mno: huja saa ngapi? Mwaka 2017 kundi la kimataifa la wataalamu wa ugonjwa huu lilipochapisha vigezo vya utambuzi, sehemu kubwa ya dalili zilizotajwa ziliweza kupatikana kwa kumwuliza mgonjwa tu. Je, maumivu huja wakati wa kupumzika, hasa kati ya usiku na alfajiri? Je, nguvu za kufanya kazi hupungua sana asubuhi na kurudi baadaye? Je, huchochewa na kupumua kwa kasi, kama mtu anavyohema akiwa na hofu au hasira? Je, hutulia haraka kwa dawa ya jamii ya nitreti, na kukomeshwa na dawa za kuzuia kalsiamu? Hakuna mtambo katika maswali hayo.

Hata hivyo jibu likipatikana, lina njia ya kupotea ambayo ni ya Kiswahili hasa. Mgonjwa husema "saa kumi". Faili la hospitali huandikwa kwa Kiingereza na kwa saa ya Kizungu. Mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango, akiandika 10 badala ya 4, amegeuza maumivu ya alfajiri kuwa maumivu ya saa nne asubuhi au ya saa nne usiku, na daktari wa hospitali ya rufaa atasoma ugonjwa mwingine kabisa. Katika maradhi mengi kosa hilo halina uzito. Katika ugonjwa huu, saa ndiyo dalili yenyewe. Ingefaa saa ya maumivu iandikwe kwa maneno, "alfajiri, kabla ya kuamka", ili tarakimu isibaki peke yake.

Jinamizi nalo linastahili kuzungumzwa kwa heshima, kwa sababu anayelitaja hasemi uongo. Hali ya kuamka usiku huku mwili umekataa kusogea, na kitu kizito kimekaa kifuani, inajulikana pwani na bara, na tiba inaitambua kuwa ni ubongo kuamka kabla ya misuli. Tofauti yake na mbano wa moyo inaulizika. Aliyekabwa na jinamizi hawezi kuinua mkono wala kuita, na akishajinasua hubaki na hofu, si na maumivu. Mwenye mbano wa moyo anaweza kuketi, kusimama na kutembea chumbani, na maumivu yanaendelea. Aghalabu anatokwa na jasho, pengine anahisi kichefuchefu au kizunguzungu, pengine anazimia. Kiungulia nacho huja usiku, lakini kwa kawaida huacha uchungu kooni na hupungua mtu anapoinuka. Anayeamka akitafuta hewa, na kulazimika kulala kwa mito mitatu, achunguzwe kwanza kama moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Mipaka hii huvukana. Umio nao unaweza kubana na kutulizwa na nitreti, kwa hiyo kidonge kuleta nafuu si hukumu ya mwisho.

Upo upinzani wenye haki. Tabibu wa zahanati anaweza kusema kwamba anaona malaria, vichomi, kifua kikuu na shinikizo la damu kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba ugonjwa wa mishipa kujibana ni anasa ya hospitali kubwa. Tena, maumivu mengi ya kifua hayatoki kwenye moyo, na kati ya yatokayo moyoni, mengi husababishwa na mafuta yaliyoganda. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli mwingine umeandikwa hapa Tanzania. Utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali mjini Moshi, na kuchapishwa mwaka 2020, ulikuta kuwa yapata mmoja katika kila watu watano waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi alikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao walipewa jina la ugonjwa mwingine. Ikiwa shambulio kamili la moyo hupita bila kuonekana mbele ya madaktari, mbano unaojificha kabla ya mapambazuko utapita kwa urahisi zaidi. Sababu ni ileile: fikra kwamba moyo ni ugonjwa wa matajiri wanene wa mjini, si wa mkulima mwembamba wa milimani.

Mkulima huyo anayo mazingira yake. Mji wa Morogoro uko yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari, wakati vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600, na mwezi Juni na Julai baridi ya Mgeta humfanya mtu ajifunike shuka mbili. Baridi ni kichocheo kinachojulikana cha mbano wa mishipa, na mkulima anayetaka mboga zake zifike mapema Soko Kuu la Chifu Kingalu hutoka kitandani saa ambayo mishipa yake iko katika hali yake mbaya kabisa, ananawa maji ya baridi, kisha anavuta sigara. Sigara ndiyo adui mkuu. Kati ya mambo yote yanayohusishwa na mbano wa mishipa ya moyo, hakuna lenye ushahidi mzito kama uvutaji wa tumbaku, na wako wagonjwa ambao mashambulizi yao hupungua sana baada ya kuiacha. Kokeini hubana mishipa ya moyo kwa nguvu, na mirungi na bangi zimehusishwa na madhara ya jinsi hiyo. Ushauri wa kuacha sigara mara nyingi hutolewa kama nasaha ya jumla wakati mgonjwa ameshashika kitasa cha mlango. Kwa mgonjwa huyu ni dawa, na ingepasa iandikwe kwenye cheti kama dawa.

Dawa zenyewe si ngeni. Amlodipini na nifedipini, ambazo huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa, tayari hutumika nchini kote kwa shinikizo la damu, na nifedipini inafahamika vizuri katika wodi za wazazi. Diltiazemu na verapamili ni za kundi hilohilo, ingawa hizi hupunguza mwendo wa moyo na zinataka uangalizi. Neno "kuzuia kalsiamu" halimaanishi kwamba mgonjwa aache maziwa au dagaa, kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kwa nia njema kabisa. Daktari hupanga kipimo na saa ya kumeza ili dawa iwe na nguvu usiku wa manane. Miguu ikivimba vifundoni, kama amlodipini inavyoweza kufanya, mgonjwa arudi kwa daktari, asiache dawa kwa kudhani figo zimekufa. Kuacha ghafla ni hatari hasa, kwani mbano unaweza kurudi kwa ukali kuliko awali, na katikati ya mbano mkali mapigo ya moyo huweza kuvurugika na mtu akafa ghafla. Kipindi kirefu cha nafuu ndicho kinachowashawishi wengi kuziacha.

Kwenye rafu hiyohiyo iko propranololi. Hutolewa kwa shinikizo la damu, kwa moyo kwenda mbio, kwa kipandauso, na pengine kwa mtu aliyedhaniwa kuwa na wasiwasi tu. Kwa anjina ya mlimani, dawa za ukoo wake husaidia. Kwa anjina ya alfajiri, propranololi inaweza kuuacha mshipa ubane zaidi na kurefusha shambulio. Mgonjwa anayesema kifua chake kimezidi tangu aanze dawa hiyo anatoa habari ya thamani, na anastahili kusikilizwa kabla ya kuongezewa kipimo. Lakini asiikatishe mwenyewe, kwani nayo huachwa kwa hatua. Wako pia wachochezi wengine kabatini. Ergometrini, sindano inayojulikana na kila mkunga kwa kuzuia damu baada ya kujifungua, hubana misuli ya kizazi na huweza kubana mishipa ya moyo pia. Kwa miongo mingi madaktari wa moyo waliitumia kwa makusudi, chini ya uangalizi, ili kuchochea mbano na kuuthibitisha. Mama anayelalamika kifua dakika chache baada ya sindano hiyo apimwe moyo, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Ndivyo ilivyo kwa ergotamini ya kipandauso, na kwa fluorourasili na kapesitabini zinazotumika kutibu saratani.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinafaa kuchukuliwa wakati wa maumivu. Hapo mistari hubadilika, mara nyingi sehemu iitwayo ST huinuka kama ilivyo katika shambulio la moyo, na baada ya maumivu hurudi chini. Karatasi safi iliyochapwa saa nne asubuhi haina cha kusema juu ya saa kumi usiku. Kwa hiyo mahali ambapo mashine ipo, ufunguo wa chumba chake ungepaswa kuwa kwa muuguzi wa zamu ya usiku, na mgonjwa aliyelazwa aambiwe aite mara kifua kinapoanza, si kunapokucha. Hilo halihitaji bajeti mpya.

Uthibitisho kamili, wa kuingiza katheta na kuangalia mishipa yenyewe, hupatikana mbali na milima. Morogoro iko katikati: upande mmoja Dar es Salaam, yenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, upande mwingine Dodoma, yenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Tangu treni ya mwendokasi ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, safari ya kutoka mjini imekuwa ya saa mbili au pungufu, ijapokuwa kutoka kijijini hadi stesheni bado kunaweza kula nusu siku. Jambo linalohitaji kuangaliwa ni namna mgonjwa anavyorudi. Picha ikionyesha mishipa haina mafuta, neno rahisi kumwambia ni "huna tatizo". Anashuka kwenye treni na aibu: ukoo umechanga, ng'ombe ameuzwa, na mji mzima umethibitisha kwamba alikuwa anajidekeza. Mshipa safi mchana si ushahidi wa mshipa uliofunguka usiku. Barua ya rufaa inayosema wazi "maumivu ya mapumziko, alfajiri, hutulia kwa nitreti" humpa mtaalamu sababu ya kuutafuta mbano, pengine kwa kipimo cha kuuchochea kwa asetilikolini, na barua ya kurudi inayotaja ugonjwa kwa jina humlinda mgonjwa asivuliwe dawa na zahanati ya nyumbani.

Kushuku si kuthibitisha. Mtu mwenye maumivu mapya ya kifua yanayozidi dakika chache, hasa yakiambatana na jasho, kukosa pumzi au kuzimia, atibiwe kama mwenye shambulio la moyo hadi ijulikane vinginevyo, na apelekwe hospitali usiku huohuo. Kumpa kila aliyeumwa usiku amlodipini na kumrudisha kwake kunaweza kufunika tope linaloendelea kujaa kwenye mpira.

Kwa aliyekwisha kutambuliwa, mengi huamuliwa kitandani. Kidonge cha nitreti cha kuweka chini ya ulimi hunywewa mtu akiwa ameketi, kwa kuwa hushusha shinikizo la damu na anaweza kuanguka. Hakichanganywi kamwe na dawa za kuongeza nguvu za kiume za jamii ya sildenafili, na wazee hawana budi kuulizwa hilo faraghani, bila mtoto wala mkwe chumbani. Vidonge vya nitrogliserini hubaki katika chupa yake ya kioo cheusi, mbali na jiko na unyevu, kwa sababu huharibika upesi. Maumivu yasipotulia ndani ya dakika tano baada ya kidonge cha kwanza, safari ya hospitali inaanza, na katika kijiji ambacho usafiri wa usiku ni bodaboda ya jirani, namba ya jirani huyo inapaswa kujulikana kabla ya Juni. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa aonyeshwe chupa ilipo, na aifungue mara moja mchana ili mkono uizoee gizani.